Nyuma ya Rafu: Namna Maamuzi ya Uendeshaji wa Supamaketi Yanavyomgusa Mlaji

Mlaji anayeingia katika supamaketi jijini Mwanza huona kwanza kile ambacho mwenye duka amekusudia kionekane: rafu zilizopangwa, taa, vibandiko vya bei na majokofu yanayovuma. Asichokiona ni maamuzi. Haoni ni nani aliyeamua katoni ngapi za maziwa ziagizwe, jenereta iwashwe baada ya muda gani umeme unapokatika, wala msambazaji yupi alipwe wiki hii na yupi aendelee kusubiri. Hata hivyo, maamuzi hayo ndiyo yanayoamua kama maziwa atakayoyapeleka nyumbani ni salama, kama bei iliyoandikwa rafuni ndiyo atakayotozwa, na kama duka hilo litakuwa bado limefunguliwa siku atakaporudi na bidhaa mbovu mkononi pamoja na risiti yake.

Makala hii inayaeleza maamuzi hayo kwa macho ya mnunuzi. Haikusudii kumtia mlaji hofu ya maduka makubwa, kwa kuwa mengi yanaendeshwa kwa uangalifu. Inakusudia kumfundisha kusoma dalili, maana kila uamuzi unaofanyika ofisini au stoo huacha alama yake mahali ambapo mnunuzi anaweza kuiona.

Duka linalomwachia mnunuzi kazi

Katika duka la kawaida la mtaani, muuzaji husimama nyuma ya kaunta. Mnunuzi hutaja anachotaka, huuliza bei, huuliza kama mkate ni wa leo, na muuzaji hujibu. Mfumo wa kujihudumia ulibadili utaratibu huo. Duka la Piggly Wiggly, lililofunguliwa katika mji wa Memphis, Marekani, mwaka 1916, hutajwa kuwa miongoni mwa maduka ya kwanza kumruhusu mnunuzi kuzunguka mwenyewe na kapu, kuchukua anachotaka, kisha kulipa mlangoni. Mwenye duka alipunguza wafanyakazi, na mnunuzi akapata uhuru wa kuchagua.

Uhuru huo una gharama yake. Kazi ya kuuliza na kujibu imehamishiwa kwenye maandishi: kibandiko cha bei, lebo ya pakiti, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Asiyesoma maandishi hayo ni sawa na aliyekwenda dukani kwa Mangi akanunua bila kuuliza neno. Kwa sababu hiyo, maandishi yaliyopo dukani si mapambo. Ni kauli ya muuzaji kwa mnunuzi, na kauli hiyo inapokuwa ya uongo au ya kupotosha, sheria huitazama kama udanganyifu.

Faida nyembamba na vishawishi vyake

Wengi hudhani kwamba duka kubwa lina faida kubwa kwa kila kinachouzwa. Kwa kawaida hali ni kinyume. Supamaketi huishi kwa kuuza vingi kwa faida ndogo. Tuchukue mfano wa kubuni wa duka linalouza bidhaa za shilingi milioni 100 kwa mwezi, tukiiacha kando kodi ya ongezeko la thamani. Tuseme bidhaa hizo limezinunua kwa shilingi milioni 82. Katika milioni 18 zilizosalia, duka lilipe pango, mishahara, umeme, mafuta ya jenereta, ulinzi na leseni. Tuseme vyote vinagharimu milioni 15. Mwenye duka hubaki na milioni 3.

Sasa tuseme mwezi huo bidhaa zenye thamani ya shilingi milioni moja na nusu zimeoza, zimevunjika, zimeibwa au zimepita tarehe. Nusu ya faida imekwisha. Kwa kuwa kila shilingi 100 za mauzo huliachia duka shilingi 3 tu, ili kuifidia hasara hiyo litahitaji kuuza bidhaa nyingine za shilingi milioni 50, yaani mauzo ya nusu mwezi.

Hesabu hii ndiyo chanzo cha mema na mabaya mengi tunayoyaona. Mwendeshaji makini huijibu kwa kuhesabu mali mara kwa mara, kuagiza kwa kadiri na kuwafundisha wafanyakazi wake. Mwendeshaji mzembe huijibu kwa njia za mkato: huiacha pakiti iliyopita tarehe iendelee kukaa rafuni, huzima majokofu usiku ili kupunguza ankara ya umeme, hupunguza makeshia, au huchelewesha malipo ya wasambazaji. Njia ya mkato humpa nafuu mwezi huu, na mwishowe gharama yake humwangukia mlaji.

Kuagiza kutoka mbali

Bidhaa nyingi za viwandani zinazouzwa Mwanza hutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa lori kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Nyingine huingia kutoka Kenya kupitia mpaka wa Sirari. Umbali huo humlazimisha mwendeshaji kuchagua. Akiagiza shehena kubwa mara moja, gharama ya usafiri kwa kila katoni hupungua, lakini bidhaa hukaa stoo muda mrefu na umri wake wa matumizi huliwa huko huko. Akiagiza kidogo kidogo, bidhaa huwa mpya, lakini gharama hupanda, na lori likichelewa rafu hubaki tupu.

Mlaji huuona uamuzi huo katika tarehe. Akikuta rafu nzima ya juisi au biskuti ina tarehe moja iliyokaribia, ajue kwamba duka liliagiza kupita mahitaji. Mara nyingi duka la namna hiyo hutangaza punguzo au kuuza mbili kwa bei ya moja. Punguzo la kweli, lenye tarehe inayosomeka wazi, ni jambo jema kwa pande zote mbili: duka huokoa sehemu ya fedha zake na mnunuzi hupata nafuu. La muhimu ni kujiuliza swali moja kabla ya kujaza kapu: je, nyumbani kwangu vitatumika vyote kabla ya tarehe hiyo? Pakiti sita za maziwa kwa bei ya nne si nafuu iwapo tatu zitamwagwa.

Kwa bidhaa zinazopatikana au kutengenezwa kanda hii, kama sato, sangara, dagaa, mchele, soda na bia, umbali si kisingizio. Duka lililo karibu na ziwa likiuza samaki waliochakaa, kosa limo katika namna linavyonunua au linavyohifadhi. Wakazi wa Sengerema na Geita nao wanao mfano wao wa namna usafiri unavyoingia katika bei na ubora. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, magari yaliyopita njia hiyo yalisubiri kivuko. Kwa mkazi wa Ukerewe, ambaye bidhaa zake bado huvuka maji, kusoma tarehe ni jambo la lazima zaidi, kwa kuwa safari ya ziada hula siku za ziada.

Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka

Mali inapofika, mfanyakazi wa rafu ana kanuni moja ya msingi: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Pakiti za zamani huvutwa mbele, mpya huwekwa nyuma. Duka linalofuata kanuni hiyo hutupa kidogo, na kwa hiyo linaweza kuuza kwa bei nafuu. Duka lisiloifuata hujaza mali mpya mbele kwa haraka, na za zamani husahaulika nyuma mpaka zipite tarehe.

Wanunuzi wazoefu huijua kanuni hiyo, nao hupenyeza mkono hadi nyuma kabisa ya rafu. Si kosa kufanya hivyo. Lakini ikiwa unanunua mtindi utakaonywewa jioni ile ile, ulio mbele unakutosha, mradi tarehe yake haijapita na chombo chake ni kizima. Kila kinachotupwa huingia katika hesabu ya duka na hatimaye hurudi katika bei za kesho.

Mlaji atofautishe pia maneno mawili yanayoonekana kwenye lebo. Tarehe ya mwisho wa matumizi inahusu usalama, hivyo chakula kilichoipita hakifai kuliwa wala kuuzwa. Maneno yenye maana ya “bora kabla ya” yanahusu ubora wa ladha na umbile. Baada ya tarehe hiyo bidhaa huanza kupungua ubora wake. Ukiona tarehe imefutwa, imekwanguliwa, au kibandiko kipya kimebandikwa juu ya cha zamani, usinunue. Tarehe iliyochezewa ni dalili ya uamuzi mbaya uliofanywa kwa makusudi, wala si bahati mbaya.

Baridi haidanganyi

Pengine hakuna uamuzi unaogusa afya ya mlaji moja kwa moja kama ule wa kulinda baridi. Vyakula vinavyoharibika upesi, kama nyama, samaki, maziwa na mtindi, vinapaswa kukaa chini ya nyuzi joto 5 katika jokofu. Vilivyogandishwa vinapaswa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu vingi huzaana kwa kasi, na joto la kawaida la Mwanza limo katikati ya nafasi hiyo.

Umeme unapokatika, muda huanza kuhesabika. Jokofu la kawaida lililofungwa muda wote huhifadhi baridi kwa takribani saa 4. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kuhifadhi ugandaji kwa takribani saa 48, na iliyojaa nusu kwa takribani saa 24. Lakini majokofu ya dukani hufunguliwa kila dakika, na mengine hayana milango kabisa, hivyo muda wake ni mfupi zaidi. Mwendeshaji ndiye anayeamua iwapo jenereta ipo, ina mafuta, na inahudumia majokofu au inawasha taa na mashine za malipo pekee.

Uamuzi huo huacha alama zifuatazo, nazo huonekana bila kipimajoto:

Pakiti za kuku au samaki zilizoshikana kuwa bonge moja, au zenye barafu nyingi ya maji iliyotuama upande mmoja, huonyesha kwamba ziliyeyuka kisha zikagandishwa tena.

Aiskrimu iliyobadilika umbo, iliyoinama upande au yenye chembe ngumu za barafu, huonyesha jambo hilo hilo.

Kikopo cha mtindi kilichovimba, au pakiti ya maziwa iliyotuna, huonyesha kwamba uchachu umeanza ndani.

Maji yaliyotapakaa chini ya friza, au harufu nzito unapofungua mlango wake, huonyesha kwamba baridi ilikatika hivi karibuni.

Kwa samaki wabichi, wakazi wa kando ya ziwa hawahitaji mwalimu. Jicho liwe angavu wala lisiwe limezama, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi ikibonyezwa kwa kidole. Kipimo kile kile utakachokitumia Mwaloni Kirumba kitumie pia mbele ya kioo cha supamaketi. Kioo na taa haviongezi ubichi.

Mlaji naye ana uamuzi wake. Achukue vyakula vya baridi mwisho kabisa, baada ya sabuni, unga na mafuta, na asivizungushe mjini kwa saa nyingi. Mnyororo wa baridi ulioanzia kiwandani huweza kukatika ndani ya daladala la kwenda Igoma.

Bei ya rafuni na bei ya kaunta

Bei katika supamaketi huishi mahali pawili: kwenye kibandiko cha rafuni na ndani ya kompyuta ya keshia. Mwenye duka anapobadili bei, mabadiliko hayo yanapaswa kufanyika mahali pote pawili kwa wakati mmoja. Duka lenye wafanyakazi wachache, au lisilo na mtu maalumu wa kazi hiyo, huibadili bei ya kompyuta asubuhi na kuvibadili vibandiko baada ya siku mbili. Hapo mnunuzi hutozwa zaidi ya alichosoma.

Kosa hilo linaweza kuwa la bahati mbaya, lakini hasara yake ni ya mnunuzi, hasa anayenunua vitu 20 kwa pamoja na asiyekumbuka bei ya kila kimoja. Njia ya kujilinda ni rahisi: chagua vitu vitatu vya bei kubwa katika kapu lako, zikumbuke bei zake, kisha zitazame kwenye risiti kabla hujaondoka kaunta. Zikitofautiana, mwite msimamizi kwa upole umwonyeshe kibandiko. Duka linalojali wateja hurekebisha papo hapo.

Foleni ndefu nayo ni uamuzi. Kaunta sita zenye makeshia wawili humaanisha mishahara minne imeokolewa, na dakika ambazo wewe unasimama ndizo zinazolipa. Foleni pia humharakisha keshia, na keshia anayeharakishwa hukosea. Usione haya kuhesabu chenji yako na kusoma risiti mbele ya watu. Wala hulazimiki kupokea pipi au kibiriti badala ya chenji. Fedha yako ni fedha, na kupokea kitu usichokiomba ni hiari yako.

Kwa vitu vinavyopimwa dukani, kama nyama, samaki, maharage na matunda, angalia mizani inaanzia sifuri kabla kitu hakijawekwa, na uangalie kama ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kwa vilivyofungashwa, soma uzito halisi kabla ya kulinganisha bei. Pakiti ya gramu 900 kwa shilingi 4,500 ni ghali kuliko ya kilo moja kwa shilingi 4,800, kwa kuwa ya kwanza inakugharimu shilingi 5,000 kwa kilo.

Mali kauli na hatima ya maduka makubwa

Uamuzi mzito kuliko yote ni ule ambao mlaji hauoni kabisa mpaka umeshaharibika: namna duka linavyowalipa wanaolipelekea bidhaa. Wafanyabiashara wetu wanaujua utaratibu wa mali kauli, ambapo mwenye mali humwachia muuzaji bidhaa kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Supamaketi nyingi duniani huendeshwa kwa utaratibu unaofanana na huo. Tuseme duka limepewa siku 60 za kulipa, nalo linauza bidhaa hizo kwa siku 20. Kwa siku 40 linashika fedha ambazo kwa haki ni za msambazaji. Likizitumia kununua mali inayouzika, mzunguko unaendelea. Likizitumia kujenga tawi jipya ambalo halijaanza kuleta faida, siku ya 60 itafika na fedha hazipo.

Historia ya Afrika Mashariki ina mifano miwili inayojulikana. Uchumi, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1975, ilifunga milango na kuwekwa chini ya mfilisi mwezi Juni 2006. Ilifufuliwa, ikarudi katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2011, ikafungua matawi Tanzania na Uganda. Mwezi Oktoba 2015 ilitangaza kuyafunga maduka yake katika nchi hizi mbili, ikieleza kwamba hayakuwa yakileta faida. Wafanyakazi walipoteza ajira, na wasambazaji wakabaki na madai.

Nakumatt, ambayo jina lake linatokana na biashara ya magodoro iliyoanzia Nakuru, ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Ilifungua duka Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini iliyokuwa ikiondoka nchini. Upanuzi huo wa haraka uliongeza madeni kwa benki, kwa wenye majengo na kwa wasambazaji. Wasambazaji wasiolipwa walipunguza kuleta bidhaa. Bidhaa zilipopungua, wateja walihamia kwingine. Wateja walipohama, fedha za kuwalipa wasambazaji zilizidi kukosekana. Mwaka 2017 rafu zake tupu zilikuwa habari ya kila siku. Mwezi Januari 2018 mahakama ilimteua msimamizi wa kuiendesha, na mwezi Januari 2020 wadai walipiga kura ya kuifilisi.

Mifano hii ina fundisho kubwa kwa mlaji. Maduka hayo hayakuanguka kwa kukosa wateja. Wateja walikuwepo tangu mwanzo. Yalianguka kwa maamuzi ya uendeshaji, na wateja walikuwa wa mwisho kujua. Hata hivyo dalili zilionekana rafuni kabla ya tangazo lolote. Kwanza hupotea bidhaa zinazouzika haraka, kama sukari, mafuta ya kula, unga na maziwa, kwa kuwa wenye bidhaa hizo hawana shida ya kupata wanunuzi wengine. Kisha bidhaa moja husambazwa kwa upana ili kuziba nafasi: rafu nzima hujazwa chupa za maji za aina moja. Halafu majokofu huzimwa moja baada ya jingine, na wafanyakazi hulalamika kwamba mishahara imechelewa.

Rafu tupu kwa siku mbili si msiba. Pengine lori limekwama njiani. Wenye umri mkubwa watakumbuka pia kwamba mapema miaka ya 1980 sabuni na sukari viliadimika madukani kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wa muuzaji yeyote. Linganisha basi na maduka ya jirani. Bidhaa ikikosekana kote, tatizo ni la soko. Ikikosekana katika duka moja tu kwa wiki kadhaa, tatizo ni la duka hilo.

Ukiziona dalili hizo, kuna fedha zako za kulindwa. Vocha za zawadi zitumie mapema. Pointi za kadi ya mteja zigeuze kuwa bidhaa. Usilipe kianzio cha jokofu, godoro au televisheni utakayoletewa mwezi ujao. Kampuni inapofilisiwa, mwenye vocha au aliyelipia bidhaa ambayo hajapewa huwa mdai asiye na dhamana, na husubiri nyuma ya wadai wenye dhamana. Mara nyingi zamu yake hufika wakati kapu limeshakuwa tupu.

Haki zako na pa kuzipeleka

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara, na inaisimamia Tume ya Ushindani, maarufu kwa kifupisho chake FCC, katika kumlinda mlaji. Bidhaa inayouzwa inapaswa kuwa na ubora unaokubalika na kufaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Tangazo lililobandikwa ukutani lisemalo kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi haliifuti haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu.

Usalama wa chakula na vipodozi, ambao hapo awali ulikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, tangu mwaka 2019 umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Huko ndiko pa kupeleka taarifa ya chakula kilichopita muda, tarehe iliyochezewa au alama ya ubora inayotiliwa shaka. Masuala ya mizani na uzito pungufu hupelekwa Wakala wa Vipimo.

Yote hayo yanahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni risiti. Muuzaji anatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki, na mnunuzi anatakiwa kuidai. Kuondoka bila risiti ni kosa kisheria na pia ni kuutupa ushahidi wako mwenyewe. Kwa kuwa wino wa risiti nyingi hufifia kwa joto na mwanga, ipige picha siku ile ile. Bidhaa yenye kasoro ihifadhi pamoja na pakiti yake, usiitupe kwa hasira.

Hatua za malalamiko zifuatane hivi. Kwanza, mwone msimamizi wa duka haraka iwezekanavyo, ukiwa na bidhaa na risiti, useme wazi unachotaka: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa au kurekebishiwa. Pili, asipokusikiliza, andika malalamiko yako kwa ufupi ukitaja tarehe, duka, bidhaa na kilichotokea, kisha ubaki na nakala. Tatu, yapeleke malalamiko hayo katika taasisi husika kati ya zilizotajwa. Mwenye kulalamika akiwa na maelezo kamili husaidiwa upesi kuliko mwenye kelele.

Hitimisho

Kapu la mlaji ni dogo likitazamwa peke yake, lakini makapu yote kwa pamoja ndiyo mauzo ya duka. Mlaji anaporudisha pakiti iliyopita tarehe na kumwonyesha msimamizi badala ya kuisukuma nyuma ya rafu, anaposoma risiti mbele ya keshia, na anapoliacha duka linalozima majokofu na kwenda kwa linaloyalinda, anaingiza sauti yake katika hesabu ile ile ya faida nyembamba tuliyoianza. Mwendeshaji makini hupata thawabu yake, na mzembe huujua uzito wa njia ya mkato mapema, kabla milango haijafungwa na wafanyakazi wake kurudi majumbani mikono mitupu.

Basi, utakapoingia tena dukani, simama kidogo kabla ya kuchukua kapu. Tazama tarehe, gusa ubaridi wa jokofu, soma kibandiko, hesabu kaunta zilizo wazi. Utakuwa umeyaona maamuzi ya mwenye duka, na ndipo utakapofanya ya kwako.